Maana ya kifurushi kwenye Linux

Ukitaja kifurushi hapa Mwanga, Kigoma, mtu wa kwanza atakuuliza: cha siku au cha wiki? Anafikiria bando. Kwenye Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, neno ni hilohilo ila maana nyingine, na wanafunzi wangu wengi huliogopa dirisha la amri kwa sababu hawajaelezwa maana hiyo.

Kifurushi ni faili moja lililobeba programu pamoja na maelezo yake: jina, toleo, faili zake zikae wapi, na programu gani nyingine ziwepo kwanza ndipo yenyewe ifanye kazi. Hizo nyingine ni vitegemezi. VLC, kwa mfano, haichezi video peke yake. Inaegemea maktaba nyingi, yaani mafungu ya msimbo yanayotumiwa na programu mbalimbali, za kusoma sauti na picha.

Katika Debian, mradi wa kutengeneza aina moja ya Linux alioanzisha Ian Murdock mwaka 1993, anayefungua kifurushi ni programu iitwayo dpkg. Lakini dpkg haendi kutafuta vitegemezi. Akivikosa, analalamika na kukuachia kazi. Afueni ilikuja na apt, iliyotoka rasmi na Debian 2.1 mwaka 1999. Ukiandika `sudo apt install vlc`, inakwenda kwenye ghala la mtandaoni, inakusanya vyote vinavyohitajika, kisha inamkabidhi dpkg. Ubuntu, aina ya Linux iliyojengwa juu ya Debian, nayo hutumia njia hiyo. Neno `sudo` linaomba mamlaka ya msimamizi, ndiyo maana unaulizwa nenosiri. Na `sudo apt update` haisakinishi chochote, inaleta tu orodha mpya ya vilivyomo ghalani.

Panapohitajika vifurushi vya ziada, apt husimama na kuuliza kabla ya kuendelea. Pasome hapo, tafadhali. Utaona vifurushi vitakavyoongezwa, ukubwa wa kupakua, na nafasi itakayoliwa kwenye diski. Mwenye bando la siku aangalie ule ukubwa wa kupakua kabla ya kubonyeza Y.

Kuondoa kunahitaji macho zaidi. `sudo apt remove vlc` huondoa programu lakini huacha faili za mipangilio yake ndani ya mfumo. `sudo apt purge vlc` huzifuta na hizo. Vitegemezi vilivyokuja kwa ajili yake hubaki mpaka uandike `sudo apt autoremove`. Ila ukiondoa kitegemezi chenyewe, vyote vinavyokiegemea vinaondoka nacho. Kijana mmoja darasani alitaka kuondoa python3, lugha ya programu ambayo sehemu nyingi za mfumo huiegemea, ili apate nafasi. Orodha ya vitakavyoondoka ikajaa kioo kizima, na mazingira yote ya madirisha anayofanyia kazi yakiwemo. Nilimshika mkono kidole kikiwa juu ya Y. Tukabonyeza N, tukaisoma orodha ile pamoja, mstari kwa mstari, na siku hiyo darasa zima lilielewa utegemezi kuliko siku zote nilizouchora ubaoni.

Kwa wenye kompyuta kadhaa na bando moja: sakinisheni kwa `apt-get` badala ya `apt`, kwa sababu apt ya sasa hufuta vifurushi ikishamaliza kusakinisha, lakini apt-get huviacha ndani ya `/var/cache/apt/archives`. Nakilini faili za .deb, yaani vifurushi vyenyewe, kwenye flashi. Kwenye mashine nyingine yenye toleo lilelile la mfumo, ingieni kwenye folda ya flashi na muandike `sudo apt install ./*.deb`.