Kidimbwi cha bustanini: watu huhesabu kina, wakasahau ukingo

Mtu akisema anachimba kidimbwi nyuma ya nyumba, swali la kwanza huwa ni moja: kina chake kiasi gani? Habari ya ukingo haiulizwi na mtu, ilhali sehemu kubwa ya makosa ya kazi hii hutokea huko juu. Haya ni baadhi ya yanayosemwa sana, na jibu la kila moja.

"Kadiri shimo linavyokwenda chini, ndivyo linavyokuwa bora." Inategemea nani atakaa humo. Samaki wadogo wa mapambo huridhika na sentimita 60 hivi. Koi, samaki wa mapambo wanaokua wakubwa, ndio wanaotaka mita moja na zaidi. Vyura, kereng'ende na mimea mingi ya majini hupenda maji ya kina kifupi. Kwa hiyo chimba kwa vidato: cha kwanza kishuke sentimita 20 hadi 30, na upana wake uwe kama huo, ndipo uende chini katikati. Upande mmoja uache mteremko wa taratibu. Kuta zilizosimama wima hubomoka udongo ukiwa laini, na kifaranga akitumbukia hana pa kutokea.

"Chimba pale bustani inapoinama, maji yatajikusanya yenyewe." Yatajikusanya kweli, pamoja na matope, mbolea na dawa za wadudu. Mbolea inayonenepesha mboga hunenepesha na mwani. Tena maji ya ardhini yakipanda, huisukuma karatasi ya plastiki iliyotandikwa shimoni kuzuia maji yasinywee, kutoka chini hadi ikatokeza juu kama mgongo wa kiboko.

"Ukingo naupima kwa macho." Macho yatakuhadaa, hasa kwenye bustani yenye mwinamo mdogo. Ukingo ukipishana sentimita 5 tu, upande mmoja maji yatafurika, na ule wa pili plastiki itabaki wazi ikipigwa jua. Laza ubao ulionyooka kutoka ukingo hadi ukingo, uweke pimamaji juu yake. Kama shimo ni pana kuliko ubao, fanya wafanyavyo mafundi ujenzi: jaza maji kwenye mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ushike ncha zake pande mbili, maji yatasimama kimo kimoja. Mimi ningetumia nusu siku nzima hapa kabla ya kutandika chochote, na nisione nimepoteza muda.

"Plastiki inunuliwe kwa vipimo vya shimo." Hapana. Kwenye urefu ongeza kina mara mbili, kisha sentimita 30 za kulaza ukingoni kila upande. Kwenye upana, vivyo hivyo. Shimo la mita 3 kwa 2 lenye kina cha sentimita 60 linataka karatasi ya mita 4.8 kwa 3.8. Chini yake tandika mchanga au zulia kuukuu, maana jiwe moja lenye ncha latosha kukuharibia kazi. Na hayo maumbo ya kona nyingi yanayopendeza kwenye mchoro, kila kona ni kunjo la plastiki.

"Maji yakipungua, pametoboka." Huenda. Lakini anza na ukingo. Udongo au nyasi zikiyagusa maji kwa kuvuka plastiki, huyafyonza kama utambi ufyonzavyo mafuta ya taa, usiku na mchana. Inua ncha ya plastiki isimame nyuma ya mawe ya ukingoni, udongo utengane na maji. Kama kweli kuna tundu, maji hushuka mpaka usawa wake yakakoma hapo. Basi tafuta kuzunguka mstari huo.

"Utafuga mbu." Samaki na watoto wa kereng'ende hula viluwiluwi. Kidimbwi kipya kisicho na kiumbe ndicho cha kuangaliwa, kwa kuwa kwenye joto yai la mbu huweza kuwa mbu kamili kwa wiki moja hivi.

"Pale ukingoni ni kina kifupi, mtoto hawezi kuzama." Hili ndilo la hatari kuliko yote. Mtoto mdogo huweza kuzama kwenye maji ya sentimita chache tu. Uzio ujengwe kabla maji hayajatiwa.