Crohn na kolitisi ya vidonda: jeni zinavyotumika tofauti utumboni

Ugonjwa wa Crohn na kolitisi ya vidonda huitwa kwa pamoja magonjwa ya uvimbe sugu wa utumbo. Dalili zinafanana mno: kuhara kusikokoma, tumbo kunyonga, damu chooni, kukonda, upungufu wa damu. Matibabu ndiyo yanayoachana. Mwenye kolitisi ya vidonda akitolewa utumbo mpana wote pamoja na puru (sehemu yake ya mwisho, karibu na tundu la haja kubwa), uvimbe wa utumbo huisha. Mwenye Crohn akikatwa kipande, ugonjwa mara nyingi hurudi karibu na pale paliposhonwa. Kukisia hakufai hapa.

Kolitisi ya vidonda huanzia puru na kupanda juu bila kuacha mapengo, nayo hubaki kwenye utando wa ndani. Crohn yaweza kutokea popote kuanzia mdomoni hadi tundu la haja kubwa. Hushika hapa ikaruka pale, hupenya unene wote wa ukuta, na hupenda mwisho wa utumbo mwembamba. Katikati wako wagonjwa, kama mmoja katika kumi, ambao uvimbe uko utumbo mpana tu, na kamera na darubini hazikati shauri. Kwa ajili yao hasa, utendaji wa jeni una thamani ya kuchunguzwa.

Karibu kila seli ya mwili ina jeni zile zile, kiasi cha 20,000 za kutengenezea protini, ila haizitumii zote. Jeni inayotumika hunakiliwa kuwa RNA, na kipimo ni kuhesabu nakala hizo kwenye kipande kidogo cha nyama ya utumbo. Hili si sawa na kupima jeni za kurithi. Mabadiliko ya NOD2, jeni iliyohusishwa na Crohn mwaka 2001, mtu huzaliwa nayo na hayabadiliki. Utendaji wa jeni hupanda na kushuka kufuatana na uvimbe, dawa, na mahali nyama ilipokatwa.

Kinachojitokeza kwanza ni mfanano. Utumbo ukivimba, uwe wa Crohn au wa kolitisi, jeni za S100A8, S100A9 na DUOX2 hupanda kote kuwili. Mbili za mwanzo hutengeneza kalprotektini, protini ile inayopimwa kwenye choo. Chini ya mikrogramu 50 kwa gramu, uvimbe mkubwa wa utumbo hautarajiwi. Ikiwa juu, haisemi ni Crohn au kolitisi, na hupanda pia kwa amiba, kwa kifua kikuu cha utumbo na kwa dawa za maumivu kama diklofenaki.

Tofauti zilizo wazi hutoka kwenye seli za mahali penyewe. Crohn ya mwisho wa utumbo mwembamba mara nyingi hupunguza DEFA5 na DEFA6, jeni za protini zinazoua bakteria, na hushusha APOA1, inayohusika na kubeba mafuta. Kwenye kolitisi ya vidonda, jeni za ute unaofunika utando na zile za kuzalisha nishati ndani ya seli hushuka. Zamani tulifundishwa kwamba Crohn ni ya IL-12 na interferoni gama, kolitisi ni ya IL-13, zote zikiwa protini ambazo seli za kinga hutumia kupelekeana ishara. Mgawanyo huo ni mwepesi kupita kiasi: dawa ya ustekinumabu, inayozuia IL-12 na mwenzake IL-23, hutumika kwa magonjwa yote mawili. Hata DEFA5 ikikutwa utumbo mpana, ambako kwa kawaida ni haba na hutajwa kama alama ya Crohn, haitoshi peke yake, kwa sababu kolitisi ya miaka mingi nayo huotesha seli zinazoitoa.

Matokeo mengi hupotoka kwa kulinganisha visivyolingana. Nyama ya utumbo mwembamba ikiwekwa mkabala na ya utumbo mpana, mamia ya jeni zitatofautiana hata kwa watu wasio na ugonjwa. Nyama iliyovimba na isiyovimba vivyo hivyo. Tena, ukipima jeni 20,000 kwa kiwango cha makosa cha 0.05 (yaani kukubali kukosea mara 5 katika 100) bila kurekebisha, utapata kama 1,000 zinazoonekana tofauti kwa bahati tu. Halafu kuna joto letu la Mombasa. RNA huoza upesi, kwa hiyo kipande kitumbukizwe mara moja kwenye maji ya kuhifadhi RNA. Humo hudumu siku moja tu kwenye nyuzi 37, kama wiki kwenye 25, na mwezi kwenye 4.

Kwa sasa kipimo hiki ni cha utafiti, hakiamui matibabu. Kwa mgonjwa wa hapa Pwani, swali la kwanza ni kama hiki ni kifua kikuu, amiba au kichocho. Kifua kikuu hukaa pale pale Crohn inapopenda. Kumpa mwenye amiba dawa za steroidi kwa kudhani ni kolitisi kwaweza kutoboa utumbo, na dawa za kuzuia TNF (protini ya kinga inayochochea uvimbe) zaweza kuamsha kifua kikuu kilicholala. Wakati wa kupimwa kwa kamera, vikatwe vipande visivyopungua viwili katika kila sehemu kati ya tano, ikiwemo puru na mwisho wa utumbo mwembamba, hata palipo pazuri kwa macho. Vya darubini viende kwenye fomalini. Vya kuotesha vijidudu vya kifua kikuu viwekwe kwenye maji ya chumvi safi, chupa nyingine, maana fomalini huviua.