Nyuma ya picha: upigaji picha wa kumbukumbu na majina yanayoachwa

Kazi yangu hapa Lamu ni ya namna mbili. Napiga picha za kumbukumbu za shughuli za mji na bahari, na vilevile napokea picha za zamani ambazo familia huniletea nizinakili kabla hazijaharibiwa na unyevu wa pwani. Kwa kuzishughulikia zote mbili nimefikia rai kwamba nguvu ya picha ya kumbukumbu, iwe ni ya kuleta mageuzi au ya kuhifadhi historia, hutegemea zaidi maelezo yanayofuatana nayo kuliko ustadi wa aliyeipiga. Rai hii si ngeni kwa wanaoijua historia ya fani yenyewe, ila sisi wapiga picha huwa wazito kuikubali, kwa kuwa inatupunguzia sifa.

Mbinu ya kupiga picha ya Mfaransa Louis Daguerre ilipotangazwa Paris mwaka 1839, kamera haikuweza kunasa kitu kinachokwenda. Mwingereza Roger Fenton alipokwenda kwenye vita vya Crimea dhidi ya Urusi mwaka 1855, alitumia vioo vilivyopakwa dawa ambavyo ilibidi vipigwe picha na kusafishwa vikiwa bado vibichi, kwa hiyo alisafiri na gari la kukokotwa na farasi lililogeuzwa kuwa chumba cha giza. Ndiyo maana picha zake zinaonyesha kambi, maofisa na mabonde matupu, wala hakuna mapigano. Hata pale ambapo maiti zilipigwa picha, kama huko Gettysburg katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani mwaka 1863, ukweli haukuwa na uhakika. Mpiga picha Alexander Gardner alichapisha mwaka 1866 picha ya askari aliyelala amekufa kati ya majabali, pamoja na maelezo marefu ya jinsi mdunguaji huyo alivyofia mafichoni mwake. Zaidi ya karne moja baadaye, mtafiti aliyezilinganisha picha za eneo hilo alibaini kwamba maiti ileile ilikuwa imepigwa kwanza mahali pengine, kisha ikahamishwa na kupangwa upya. Maiti ilikuwa ya kweli na vita vilikuwa vya kweli, lakini maelezo yalikuwa ya kutungwa, na hayo ndiyo yaliyoaminiwa muda wote huo.

Mtu ninayempa heshima ya kwanza katika fani hii ni Lewis Hine, mwalimu aliyeajiriwa mwaka 1908 na kamati ya Marekani iliyopinga kuajiriwa kwa watoto. Hine aliingia viwanda vya nguo, migodi ya makaa na vibanda vya kumenya chaza, mara nyingine akijisingizia kuwa ni mkaguzi au muuzaji, kwa sababu wenye viwanda wasingemruhusu kama wangalijua nia yake. Akiisha kupiga picha alimwuliza mtoto jina, umri, alianza kazi lini na analipwa kiasi gani, akayaandika mambo hayo kwa siri, mkono ukiwa mfukoni. Urefu wa mtoto aliupima kwa vifungo vya koti lake mwenyewe, kwa kuwa alikuwa anajua kila kifungo kiko umbali gani kutoka ardhini. Mwenye kiwanda angeweza kudai kwamba picha ya mtoto mchafu mbele ya mashine ni ya mtoto aliyekuja kumtembelea mamaye kazini, lakini ingekuwa taabu kuyakana maelezo yenye jina, mahali, tarehe na mshahara. Mageuzi hayakuja kwa siku moja: sheria ya kitaifa ya mwaka 1916 ilibatilishwa na Mahakama ya Juu miaka miwili baadaye, na marufuku ya kudumu ilipatikana mwaka 1938. Ni vyema kuukumbuka muda huo kila tunapoambiwa kwamba picha fulani ilibadilisha dunia.

Karibu na kwetu zaidi ni habari ya Kongo. Mwaka 1904, katika kituo cha misheni cha Baringa, mwanamume aitwaye Nsala wa Wala alimletea mmisionari Alice Seeley Harris mkono na mguu wa binti yake mdogo, Boali, aliyeuawa na walinzi wa kampuni iliyovuna utomvu wa mpira. Harris alimpiga picha akiwa ameketi ukingoni mwa baraza, akiviangalia viungo hivyo vilivyowekwa chini mbele yake. Picha hiyo na nyingine za aina yake zilionyeshwa kwa taa za kurusha picha ukutani katika mikutano mingi ya Uingereza na Marekani, naye Harris au mumewe akizisimulia. Mwaka 1908 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alilazimika kuiachia dola ya nchi yake koloni aliloliendesha kama mali yake binafsi. Picha peke yake haikumwondoa, kwani zilikuwepo ripoti za mabalozi na ushahidi wa maandishi wa miaka mingi. Hata hivyo naona kwamba jina la Nsala lilikuwa na uzito wake: aliyetazama picha alikutana na baba mwenye jina, kijiji na msiba wake mahususi.

Kinyume chake ni picha ambayo labda ndiyo mashuhuri kuliko zote katika fani hii, ile ya mama mhamiaji ambayo Dorothea Lange aliipiga katika kambi ya vibarua wa mashamba huko Nipomo, California, mwezi Machi 1936. Lange hakumwuliza mama huyo jina. Gazeti moja la San Francisco lilipoichapisha habari ya kambi hiyo, serikali ilipeleka chakula cha uzito wa ratili 20,000, lakini familia iliyopigwa picha ilikuwa imekwisha kuhama. Jina la mama huyo, Florence Owens Thompson, lilijulikana kwa umma mwaka 1978, na yeye mwenyewe alilalamika kwamba sura yake ilikuwa imezunguka dunia nzima bila yeye kufaidika na chochote. Faida iliwafikia wengine, na hilo si jambo dogo. Ila kila nionapo picha hiyo hujiuliza ingechukua muda gani kuuliza jina.

Pwani yetu iliingia katika historia hii kwa mlango wa biashara. Studio za Zanzibar kama ile ya A. C. Gomes na ile ya ndugu wa Coutinho zilipiga picha za watu na mandhari, na nyingi zikachapishwa kuwa postikadi za kuuziwa wasafiri. Mwanamke aliyesimamishwa studio akiwa amevaa leso mbili anaandikwa kuwa ni “mwanamke wa Kiswahili” tu, bila jina wala mtaa, utadhani ni aina ya ndege. Kwa hiyo ninapoletewa kadi ya namna hiyo huanza kwa kuigeuza. Upande wa nyuma usiogawanywa kwa mstari, ulio wa anwani pekee, huonyesha kwamba kadi ilichapishwa zamani zaidi, kwa kuwa Uingereza iliruhusu upande huo ugawanywe mwaka 1902 na nchi nyingi nyingine zilifuata kufikia 1907. Muhuri wa posta, chapa ya studio na mwandiko wa penseli navyo vina la kusema. Hapo ndipo naugeukia upande wa sura.

Upande wa sura nao una hazina yake kwa anayejua cha kutazama. Zipo picha za mwanzo wa karne iliyopita ambazo maelezo yake ya kigeni yanataja chombo cha Waarabu tu, lakini mzee aliyekulia Faza au Pate akizitazama hutambua papo hapo kwamba ni mtepe: mbao zimeshonwa kwa kamba za makumbi badala ya kupigiliwa misumari, na tanga la pembe nne ni la mkeka. Mitepe haiundwi tena, na picha hizo ni sehemu kubwa ya ushahidi uliobaki. Kwa hakika maelezo yake sahihi yanaandikwa leo, kwenye mabaraza yetu, na wazee ambao hawakuulizwa wakati ule.

Wala isidhaniwe kwamba watu wa Lamu walikuwa wakipigwa picha tu. Omar Said Bakor, aliyekuwa na studio hapa mjini tangu miaka ya 1960, alikata na kuunganisha picha hata sura ya mtu ikachomoza ndani ya maua. Wataalamu wengine hawatazihesabu kazi zake kuwa za kumbukumbu. Mimi nazihesabu, kwa sababu zinaonyesha jinsi watu walivyotaka wenyewe kuonekana, jambo ambalo postikadi haziwezi kutuambia.

Baadaye Kenya ilimtoa Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, ambaye picha zake za filamu za njaa ya Ethiopia zilirushwa na BBC mwezi Oktoba 1984 na kuchochea michango mikubwa ya kimataifa. Ziliokoa maisha, na wakati huohuo ziliimarisha mazoea ya kuionyesha Afrika kama bara la watoto wenye njaa wasio na majina. Lawama ya hilo simtwiki yeye, bali vyombo vilivyoendelea kurudia picha za namna hiyo kwa miaka mingi vikiwa vimeacha kueleza vita na siasa zilizoikuza njaa ile.

Siku hizi kamera iko katika kila mfuko, na upungufu wa maelezo umezidi. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa hasara iliyotokana na ujenzi wa bandari mpya. Katika mgogoro wa aina hiyo, picha ya mahali pa kuvulia ina thamani iwapo inajulikana ilipigwa wapi na lini. Wavuvi wana picha nyingi, lakini zimekuwa zikitumwa kwa WhatsApp, na programu hiyo huondoa ndani ya faili tarehe na mahali pa kupigwa. Ninawashauri wazitume kama faili la waraka, wala si kama picha, na waitunze nakala ya kwanza ndani ya simu bila kuihariri. Kisha waandike daftarini jina la mwamba au mkondo, hali ya maji, na aliyekuwa chomboni. Sasa ambapo akili unde (AI) inaweza kuunda picha ya bandari isiyokuwepo, daftari la namna hiyo limekuwa na thamani kuliko lenzi ya bei ghali.

Kuandika maelezo yote si ruhusa ya kuyaanika yote, na katika mji wetu hili ni suala la stara kabla halijawa suala la sheria. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inaihesabu picha ya mtu anayetambulika kuwa ni data yake binafsi, na kwa mtoto inataka idhini ya mzazi au mlezi. Picha za arusi za upande wa wanawake ndizo zenye mashaka zaidi. Bibi mmoja aliniletea za miaka ya 1970, nikamwuliza, “Bibi, hizi niziandike majina?” Akajibu, “Yaandike yote, mwanangu, ila usimwonyeshe mtu maadamu mmoja wetu yu hai.” Tumeyaandika majina yote, pamoja na ya walioshika leso na ya aliyepiga picha, ambaye alikuwa mwanamke. Faili limefungwa kwa nywila anayoijua mjukuu wake, na katika orodha yangu ya wazi pameandikwa kwamba picha hizo zipo, ni za muongo gani, na kwamba maombi ya kuziona yapelekwe kwa familia.