Je, wajua kwa nini New York hadi London ni haraka kuliko London hadi New York?

Kati ya miji hii miwili pana takriban kilomita 5,550, uanzie kokote. Hata hivyo, ndege itokayo New York hufika London kwa saa 7 hivi au pungufu, na ile inayokwenda New York hutumia karibu saa 8.

Wengi husema ni kwa sababu dunia inazunguka chini ya ndege. Maelezo hayo yanajipinga yenyewe. Dunia huzunguka kutoka magharibi kwenda mashariki, kwa hiyo kama ardhi ingekuwa inaiacha ndege angani, anayekwenda magharibi ndiye angewahi, maana mji anaouendea ungekuwa unamjia. Kinachotokea ni kinyume chake. Tena, kwenye ikweta ardhi huenda kwa kasi ya kilomita 1,670 kwa saa. Hewa isingezunguka pamoja nayo, pangevuma upepo wa kung'oa kila kitu. Ndege huondoka uwanjani ikiwa tayari na mwendo huo wa dunia, na hewa ambayo ndege hupita ndani yake inao pia.

Kinacholeta tofauti ni upepo. Kilomita 9 hadi 12 juu, pana mkondo mwembamba wa upepo wa kasi uvumao kuelekea mashariki. Mjapani Wasaburo Oishi aliupima kwa maputo miaka ya 1920. Ifikirie ndege kama mtumbwi mtoni: makasia yanavuta maji kwa nguvu ileile, lakini ukishuka na mkondo kingo zinapita mbio, na ukipanda zinajikokota. Tuseme ndege hukata hewa kwa kilomita 900 kwa saa na upepo ni wa kilomita 150. Kwenda mashariki, ardhi inapita chini kwa 1,050. Kwenda magharibi, kwa 750 tu.

Februari 2020, wakati wa dhoruba Ciara, Boeing 747 ya British Airways ilitoka New York ikafika London kwa saa 4 na dakika 56. Kasi yake juu ya ardhi ilipita kilomita 1,300 kwa saa, lakini haikuvunja kizuizi cha sauti, yaani haikuipita kasi ya sauti hewani, kwani ndani ya hewa ilikuwa inakwenda mwendo wake wa kawaida.

Mzunguko wa dunia unahusika, ila si moja kwa moja: ndio unaopindisha hewa ya tropiki inayoelekea kwenye ncha za dunia ikageukia mashariki. Mkondo huu hupata nguvu zaidi majira ya baridi, na huyumbayumba, hivyo tofauti ya muda wa safari si ileile kila siku.

La kushangaza zaidi, upepo haurudishi ulichochukua. Kwa kasi tulizozitaja hapo juu, kwenda na kurudi ni saa 12 na dakika 41. Bila upepo ni saa 12 na dakika 20. Safari ya polepole hudumu zaidi, na muda wote huo upepo unaendelea kuizuia ndege. Ndiyo maana njia za juu ya Atlantiki hupangwa upya kila siku: waendao mashariki huufuata mkondo, waendao magharibi huukwepa, hata kama njia yao itakuwa ndefu zaidi.