Pampu ya kubadilishia maji ya samaki: lita kwa saa si jibu

Wiki hii nimeletewa tena pampu "mbovu". Mwenye nayo aliiweka mezani akasema maneno ambayo sasa nayajua kwa moyo: "Fundi, boksi linasema lita 1,500 kwa saa, lakini maji ya pipa yakikaribia kuisha, yanaingia kwenye tangi la samaki kwa kuchuruzika tu. Nataka kubwa zaidi." Nikaizamisha kwenye ndoo, nikaiwasha, mpira ukarusha maji hadi yakanilowesha miguu. Pampu nzima kabisa.

Basi niliandike hapa, maana nimechoka kulisema mdomoni. Lita 1,500 kwa saa ni mtiririko wa pampu isiyopandisha maji hata sentimita moja na isiyofungwa mpira wowote. Ukianza kupandisha, mtiririko unapungua. Kwenye boksi hilohilo kuna namba ya pili, imeandikwa kwa mita, mara nyingi mbele ya H.max. Hicho ni kimo ambacho pampu ikikifikia maji yanasimama ndani ya mpira, hayatoki tone. Watu husoma "mita 1.5" wakadhani pampu itawapandishia maji mita moja na nusu. Haitapandisha. Pale ndipo inapokwama.

Twende kwenye tangi la huyu mteja. Mdomo wa mpira umening'inizwa ukingoni, sentimita 130 kutoka sakafuni. Pipa la maji mapya liko sakafuni, likijaa maji yanafika sentimita 80. Kwa hiyo mwanzoni pampu inapandisha sentimita 50 tu, theluthi ya ile mita 1.5 ya kwenye boksi lake. Nikikadiria kwamba mtiririko unapungua sawasawa na kimo, anapata kama lita 1,000 kwa saa. Anafurahi. Lakini pipa linashuka! Kimo hakipimwi kutoka pale pampu ilipolala, kinapimwa kutoka uso wa maji ya pipa. Yakibaki maji ya sentimita 10, pampu ileile inapandisha sentimita 120, na kilichobaki ni lita 300 kwa saa, kabla hatujahesabu msuguano wa mpira.

Sasa chukua pampu ambayo wateja huirudisha rafuni kwa dharau: lita 1,000 kwa saa, kimo mita 3. Mwanzoni inatoa kama lita 830, kidogo kuliko ile "kubwa". Mwishoni inatoa 600, mara mbili yake. Hiyo ndiyo ya kununua.

Nakiri kwamba makadirio yangu ya kupungua sawasawa si sahihi kabisa. Kila pampu ina mchoro wake wa mtiririko kwa kila kimo, na mingi imepinda. Tena, nyingi nilizopima mwenyewe hazikufika namba za boksi. Ndiyo maana nina mazoea ya kuchagua pampu yenye H.max angalau mara mbili ya kimo cha mwisho, pipa likiwa karibu tupu. Siwezi kukuthibitishia hiyo "mara mbili" kwa hesabu. Ni mazoea tu, ila hayajaniangusha.

Mpira nao. Mtu ananunua pampu yenye mdomo mpana, kisha anaibana kwa mpira mwembamba kwa sababu ndio uliokuwepo nyumbani. Ukipunguza kipenyo cha ndani kwa nusu, kwa mtiririko uleule msuguano unapanda karibu mara 30. Kuna kanuni za kukokotoa hasara hiyo, lakini kwa mipira laini inayojikunja kila unapoivuta siziamini sana. Naamini ndoo ya lita 10 na saa. Jaza ndoo ukiwa umeinua mdomo wa mpira hadi kimo chako halisi, gawanya 36,000 kwa sekunde zilizopita, na jibu ndilo lita kwa saa ulizonazo. Sekunde 60 ni lita 600. Hiyo ndiyo namba ya pampu yako.

Kuna wajanja wanaouzamisha mdomo wa mpira ndani ya tangi, na wana hoja: mpira ukishajaa, kimo kinahesabiwa hadi uso wa maji ya tangi, si hadi kona ya juu ya mpira. Unaokoa sentimita kadhaa. Lakini zima pampu uone. Maji yanarudi pipani yenyewe, kimyakimya, na hayasimami mpaka ncha ya mpira ipate hewa. Nimeshakuta tangi limeshuka zaidi ya nusu, hita ya kioo iko nje ya maji na bado inawaka. Ukitaka kuzamisha, toboa tundu dogo kwenye mpira usawa wa uso wa maji, likielekea ndani ya tangi. Litarusha maji kidogo pampu ikiwaka. Ikizimwa, maji yakishuka kidogo tu litavuta hewa na kukata mrudio.

Kutoa maji machafu sitakawia. Kama mahali pa kumwagia pako chini kuliko tangi, huhitaji pampu. Mpira uliojaa maji unatosha, maji yanajivuta yenyewe kushuka, na unanyonya uchafu wa changarawe ambao pampu ingeusagia kwenye impela, yaani panga la ndani linalosukuma maji. Pampu ya kusukuma maji mapya iwe ya kuzamishwa, isiyo na shaba inayogusa maji, maana shaba inaua kamba wanaofugwa tangini. Zile za kuondolea mafuriko zenye mafuta ndani ziache. Pampu yako ikivuma bila kutoa maji, usiite fundi kwanza: iinamishe ndani ya maji mpaka mapovu yatoke. Hita izimwe kabla ya kupunguza maji, na waya wa pampu uning'inie chini ya soketi kabla haujapanda, ili matone yaanguke sakafuni.

Yule mteja sikumuuzia kitu. Nilimwambia ainue pipa sentimita 40 juu ya matofali. Kimo cha mwisho kinashuka kutoka 120 hadi 80, na kwa makadirio yaleyale zile lita 300 zinakuwa 700. Alitaka kutumia stuli ya plastiki, nikamkatalia. Pipa lake linabeba lita 100, na hizo ni kilo 100.