Modemu ya 56K haikuwa ya 56K

Waliocheza Quake, gemu ya kufyatuliana risasi mtandaoni, kwa laini ya simu mwishoni mwa miaka ya 1990 bado husema: ukitaka gemu isikwame, nunua modemu (kifaa cha kuunganisha kompyuta na intaneti kupitia simu) yenye namba kubwa ya kasi, kama 56K. Namba hiyo ilikuwa na ukweli nusu.

V.90, kiwango cha kiufundi cha modemu cha mwaka 1998, kiliruhusu hadi kilobiti 56 kwa sekunde, lakini kwa data inayoshuka kwako tu. Inayopanda iliishia 33.6, sawa na modemu za kabla yake. Huko Marekani, kanuni za nguvu ya mawimbi kwenye laini ya simu zilibana hata hiyo 56 ikabaki 53 hivi, na waya chakavu za mtaani zikapunguza zaidi.

Gemu, hata hivyo, haina haja na bomba pana la data. Ukifyatua risasi, kinachosafiri ni kifurushi kidogo mno. Kinachouma ni muda wa kwenda na kurudi. Modemu hukusanya data, huibana, hukagua makosa, na kila hatua hula milisekunde. Ndiyo maana baadhi ya wachezaji walizima ubanaji na urekebishaji wa makosa, faili zikishuka polepole basi.

Mimi ningechukua modemu ya nje, ya kuchomeka kwenye mlango wa siriali wa kompyuta. Nyingi za ndani za bei poa zilimwaga sehemu kubwa ya kazi kwa prosesa, ileile inayohangaika kumchora adui anayekulenga. Halafu ya nje ina vitaa: unaona laini imekatika kabla hujailaumu seva.