Onyo la maelezo katika msimbo wa kiini cha Linux: maana yake na namna ya kulirekebisha

Onyo la maelezo ni ujumbe unaotolewa na programu ya ukaguzi inapobaini kwamba maelezo yaliyoandikwa juu ya funksheni (kipande cha programu chenye kazi yake maalumu) au muundo fulani wa data hayalingani na msimbo, yaani maagizo ya programu, ulio chini yake. Katika kiini cha Linux, yaani sehemu ya mfumo wa uendeshaji inayosimamia vifaa na kumbukumbu za kompyuta, mradi ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 na ambao leo ndio msingi wa mfumo wa Android uliomo katika simu nyingi tunazotumia kuanzia Mtwara Mjini hadi Nachingwea, ukaguzi huo hufanywa na skripti iitwayo kernel-doc. Onyo lenyewe halizuii kiini kuundwa, wala kompaila, programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, haijali kilichoandikwa katika maelezo, kwa kuwa kwake yote hayo ni maandishi ya kurukwa.

Skripti hutambua maelezo yanayoihusu kwa alama ndogo sana. Maelezo ya kawaida katika lugha ya C huanza na mkwaju na nyota moja, ilhali yale yanayokusudiwa kuingia katika hati rasmi huanza na mkwaju na nyota mbili. Hufuata jina la funksheni, kistari na muhtasari wa mstari mmoja, kisha kila parameta, yaani thamani inayopewa funksheni inapoitwa, hutajwa baada ya alama ya @ na kuelezwa. Maelezo hayo huchotwa na kugeuzwa kurasa za hati kwa kutumia programu ya Sphinx, utaratibu ulioingia mwaka 2016 katika toleo la 4.8.

Kwa msomaji wa Mtwara au Lindi, umuhimu wa jambo hili unaonekana vizuri katika stakabadhi ghalani. Korosho zikipokelewa ghalani hupimwa uzito na kupangiwa daraja, na mnunuzi katika mnada hutaja bei kwa kutegemea yaliyoandikwa, bila kufungua kila gunia. Mwandishi wa draiva, yaani programu inayoendesha kifaa fulani, naye huita funksheni iliyoandikwa na mtu mwingine kwa kutegemea maelezo yake, hasa akiwa hana muda wa kusoma mamia ya mistari iliyo chini. Maelezo yakisema jambo moja na msimbo ukafanya jingine, hitilafu itakayotokea itajitokeza katika draiva yake, mbali kabisa na mahali ilipozaliwa.

Tuchukue mfano wa kubuni wa funksheni soma_joto, ambayo hapo awali ilipokea parameta mbili, kifaa na muda. Baadaye mtu akaondoa muda, akaongeza hali, lakini hakugusa maelezo. Skripti itatoa maonyo mawili: kwamba hali haijaelezwa, na kwamba muda umeelezwa ingawa haupo. Iwapo funksheni yenyewe ilibadilishwa jina, onyo litasema kwamba jina lililotarajiwa si lile lililokutwa. Sehemu kubwa ya maonyo haya huzaliwa hivyo, kwa msimbo kusonga mbele na maelezo kubaki nyuma.

Hapa ndipo ninapotaka vijana wetu wanaojifunza kompyuta wawe makini, kwa sababu kulinyamazisha onyo ni rahisi kuliko kulirekebisha. Mtu anaweza kuandika kwamba hali ni hali, skripti ikaridhika, na msomaji asiambulie chochote. Nalichukulia hilo kuwa baya kuliko onyo lenyewe, maana onyo angalau lilikuwa likionyesha pengo. Marekebisho ya kweli yanadai kuusoma msimbo na kujibu maswali ambayo mtumiaji wa funksheni atauliza. Je, kielekezi, yaani anwani ya mahali data ilipo katika kumbukumbu, kinaweza kuwa tupu? Thamani hiyo inapimwa kwa milisekunde au kwa maikrosekunde? Nani anapaswa kuachia kumbukumbu baada ya matumizi, na je, anayeita funksheni anatakiwa awe ameshika kwanza kufuli fulani, yaani kinga ya kuzuia wengine wasiguse data ileile kwa wakati mmoja? Majibu mara nyingi hupatikana kwa kuangalia sehemu zinazoiita funksheni hiyo, na kwa kufuatilia katika historia ya git, programu inayotunza kumbukumbu za mabadiliko ya msimbo, badiliko lililoingiza parameta husika na sababu iliyotolewa wakati huo.

Thamani inayorudishwa hudai uangalifu zaidi, nayo huelezwa katika sehemu inayoanza na neno Return na nukta mbili. Haitoshi kuandika kwamba sifuri ni mafanikio; ni lazima kufuata kila njia ya kutokea ndani ya funksheni na kuona ni lini hurudisha namba ya kosa -EINVAL kwa thamani isiyokubalika, na ni lini hurudisha -ENOMEM kumbukumbu inapokosekana.

Yapo pia maonyo mepesi. Maelezo ya kawaida yaliyopewa nyota mbili kwa bahati mbaya hupunguzwa nyota moja, na sehemu za ndani za muundo wa data ambazo hazikusudiwi kutumiwa na wengine hutanguliwa na alama ya private.

Kazi hii haihitaji maabara. Msimbo wa toleo moja ukiwa umebanwa huzidi megabaiti 100, kiasi ambacho mwanafunzi wa Masasi au Kilwa anaweza kukipakua kwa bando la kawaida, na skripti inaweza kukagua faili moja bila kuunda kiini kizima; ukiongeza W=1 katika amri ya make wakati wa kuunda, ukaguzi hufanyika pamoja na kazi ya kompaila. Maelezo huandikwa kwa Kiingereza, lakini sentensi fupi na sahihi zinatosha.

Kiraka, yaani badiliko linalotumwa kwa wasimamizi wa mradi, kinachorekebisha maelezo kisiguse utendaji wa msimbo, ili anayekipitia asilazimike kutafuta badiliko lililojificha. Ujumbe wake hunukuu onyo lililotolewa na kueleza lilitokana na nini, kisha mwandishi huweka mstari wa Signed-off-by, unaotumika tangu mwaka 2004 kuthibitisha kwamba ana haki ya kuikabidhi kazi hiyo. Kabla ya kukituma, hati nazo ziundwe kwa amri ya make htmldocs, kwa kuwa orodha iliyopangwa vibaya ndani ya maelezo inaweza kupita mbele ya kernel-doc bila neno, halafu Sphinx ikailalamikia.